Machela Haiendi Gulioni

Jumapili, 3 Agosti 2014

Shamsia kapiga simu. Adija, anayeniuguza hapa nyumbani, akanishika mkono mpaka kwenye kona ya migomba, hatua ishirini na nane, maana ndani ya nyumba mtandao haushiki. Nikakaa kwenye kigoda nahema. Mwanangu akasikia. Anauza dawa Mtwara huko, mtu akivuta pumzi kwenye simu yeye anajua amelalaje.

Akaanza tena habari ya kunihamisha. Chumba kipo, feni ipo, choo cha kukaa kipo. Nikamwambia hapa Muyama nina nyumba, nina kahawa, kaburi la baba yako liko hapo nyuma ya nyumba. Akauliza: "Mama, mara ya mwisho ulitoka lini mwenyewe, ukaenda mahali kwa sababu umetaka?"

Nikafikiri. Tangu Oktoba, kiharusi kiliponiangusha miezi mitatu baada ya kustaafu: hospitali Kabanga mara tano. Msiba wa mzee Marcel. Msiba wa mama yake Japhet. Basi! Nikakohoa.

Akatoa sharti lake, na amelipanga vizuri, nimemlea mwenyewe. Anakuja tarehe thelathini na moja. Kama kabla ya hapo nitakuwa nimetoka siku moja — siyo hospitali, siyo msibani — nikafika, nikampigia nikiwa huko huko, nikarudi salama, hatalitaja tena neno Mtwara. Kama sikutoka, tunafunga mizigo.

Nikakubali upesi. Sasa nimekaa na daftari na najiuliza kwenda wapi. Mkono wa kulia mzima, namshukuru Mungu. Ulimi nao mzima, isipokuwa nikikasirika, hapo unakuwa mzito na maneno yanatoka kama ya mlevi.

Naogopa Mtwara. Niliandike tu, hapa hapana anayesoma. Mimi ni mtu wa Lindi, kule pwani ndiko kwetu, na bado naogopa. Hapa mimi ni Mwalimu Kuruthumu. Kule nitakuwa mama yake Shamsia, yule anayeumwa, chumba cha ndani.

Jumanne, 5 Agosti 2014

Nimejua. Gulioni!

Adija alidhani nitasema msikitini, au shuleni kwangu, watoto waniimbie. Sitaki kuimbiwa. Nataka gulio la Alhamisi, kule juu mpakani, Warundi wanapovuka na vitenge na mawese, na samaki wa migebuka wanakaangwa ukiwaangalia. Akaniuliza nataka kununua nini. Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama vile ugonjwa umepanda kichwani.

Lakini ndiyo raha yenyewe! Kwenda bila kujua. Kumkuta Gharibu wa Kasulu nyuma ya meza yake ya vitambaa, anitajie bei ya wizi kwa heshima zote, "kwa ajili yako Mwalimu", na mimi nigeuke niondoke, na yeye aniite. Miaka thelathini tumegombana hivyo. Toka niugue ananitumia salamu na kipande cha khanga. Sitaki salamu, nataka kugombana.

Njia naijua hata nikifumba macho. Unashuka mpaka kijito, unapanda mpaka njia panda. Kulia unakwenda kutokea barabara ya Kabanga. Kushoto unafuata kigongo mpaka gulioni, njia ya miguu na baiskeli, gari halipiti. Zamani ilikuwa saa moja na nusu kwangu, na kikapu kichwani.

Jumamosi, 9 Agosti 2014

Leo tumejaribu kiti cha magurudumu. Nilikipata kwa watu wa kanisani — mimi Mwislamu, wakaniletea mpaka mlangoni, na mpaka leo naona haya kwamba sikukitumia. Kizuri kweli. Kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji.

Mlangoni mpaka uwanjani, sawa. Uwanjani mpaka kwenye kahawa, Adija anasukuma, natokwa jasho kwa niaba yake. Kwenye mteremko wa kwanza magurudumu madogo ya mbele yakaamua kutazama kila moja kwake. Tukaenda kwenye maharage ya jirani. Sikuumia. Nilicheka mpaka mate yakatoka upande ule usioshika, na Adija akalia, akidhani ninalia.

Kurudi juu ilichukua nusu saa.

Jumatano, 13 Agosti 2014

Bodaboda. Nilimwita Japhet, niliyemfundisha hesabu bila mafanikio yoyote. Akaja na pikipiki imeoshwa. Adija akanifunga mgongoni kwa Japhet kwa khanga mbili, kama mtoto anavyobebwa, mwanafunzi kambeba mwalimu. Tukaondoka taratibu.

Mguu wa kushoto ndio ulioniponza. Haukai pale unapowekwa. Kwenye mfereji wa kwanza ukateleza, ukalala kwenye bomba la moshi, na mimi sikusikia chochote mpaka Japhet aliposema kuna harufu. Lengelenge kubwa kama kifuniko cha soda. Amesema samahani mara kumi. Kosa si lake, nimemwambia hivyo mara kumi na moja.

Usiku wa jana nilikuwa nimeshamsikia Gharibu akiniita. Leo sisikii kitu.

Ijumaa, 15 Agosti 2014

Siku ya kukaa na kutazama mguu.

Adija ananipaka dawa huku anaongea peke yake: wangekuwapo wale wa Aprili, wangekufikisha popote. Wa Aprili ni watu wa machela. Presha ilipopanda walinibeba mpaka Kabanga. Miti miwili mirefu, katikati kitanda cha kamba na magunia, juu fito zimepindwa kushikilia mkeka wa kivuli. Sikuona njia, niliona mkeka tu. Niliichukia safari ile kuliko ugonjwa wenyewe.

Adija aliposema hivyo nikaacha kutazama mguu. Machela ile ile! Kama inafika Kabanga, kwa nini isifike gulioni?

Jumamosi, 16 Agosti 2014

Sijalala vizuri, nafikiria machela.

Nilifika hapa mwaka sabini na nane, mtoto wa pwani na sanduku la bati. Mwezi wa kwanza nikakutana na machela njiani. Nikasimama pembeni, nikasema pole, nikapita na kikapu changu kichwani. Basi. Muhula mzima wanawake wa hapa hawakunisemesha. Mansuri, kabla hajawa mume wangu, ndiye aliyenifafanulia: ukikutana na machela unatua mzigo. Mwanamume anaingiza bega achukue zamu, hata kama humjui mgonjwa, hata kama unakwenda kwako. Mwanamke anafuata hatua kadhaa, au anabeba kilichoachwa. Hakuna kuuliza ni nani wala anaumwa nini. Ukipita na mzigo wako kichwani umesema huyo afe.

Toka siku ile nimetua mzigo kila mara. Nimetua hata ndoo ya maji.

Na sasa nataka watu watue mizigo yao kwa sababu bibi mmoja anatamani migebuka. Nimeliona hilo. Bado nataka.

Jumatatu, 18 Agosti 2014

Watu wa machela wamekuja tisa, wamekaa uwanjani kwangu kwenye viti vya kuazima. Bazilio ndiye mwenyekiti wa chama cha machela cha kitongoji hiki, fundi baiskeli, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani kwangu. Nikaeleza. Polepole, nisije nikakasirika ulimi ukanisaliti.

Mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Kisha wakaanza wote kwa pamoja kwa Kiha, nikawa nashika nusu. Machela ni ya mgonjwa. Mgonjwa yuko hapa, nikasema, ndiye mimi. Wakasema mgonjwa anakwenda kutibiwa. Nikasema hilo gulio ndilo dawa niliyoandikiwa. Bazilio akatabasamu akitazama chini.

Mzee Kipriani hakutabasamu. Mke wake alifia kwenye machela mwaka 2009, na uchungu wa mtoto wa nne, hawajafika hata njia panda. Akasimama kwanza, ndipo akasema:

"Mwalimu, mimi sikunyimi. Lakini leo watu wakiona machela imebeba mtu wa gulioni, kesho nikipita na mama anayevuja damu, nani atatua mzigo? Atasema labda naye anakwenda kununua kitenge."

Nimefundisha miaka thelathini na tano na sijawahi kupewa hoja ngumu hivyo na mtu aliyeishia darasa la nne.  Nilimwambia tu kwamba mwisho wa mwezi naondoka Muyama nisipotoka nyumbani hata siku moja.  Hawakuwa wakijua.

Bazilio ndiye aliyeleta ufumbuzi. Tufunge khanga ya rangi kali kwenye ncha za mbele za miti, watu wakiiona wajue hii siyo ya ugonjwa, wapishe tu. Wakaafikiana. Kipriani akasema hatabeba, ila hatazuia. Akaniaga kwa mikono miwili.

Alhamisi tarehe 28. Ndiyo ya mwisho kabla Shamsia hajafika.

Alhamisi, 21 Agosti 2014

Leo ni gulio, na mimi niko mlangoni nasikia wanaorudi. Mtu mmoja kanunua bata, bata hataki.

Suala la choo. Hakuna anayelitaja watu wanapopanga safari, na ndilo la kwanza. Choo cha gulioni ni shimo na magogo mawili, na mimi kuchuchumaa siwezi. Mpango wangu ulikuwa nisinywe kitu tangu jana yake. Adija akasema presha itanikumbuka njiani. Kisha akamwendea Bazilio bila kuniambia, na leo jioni Bazilio kaja na kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, kimepigwa msasa, na ndoo yenye kifuniko inakaa chini yake sawasawa. Khanga mbili za kuzungushia.

Kiti kitabebwa na nani? Bazilio kasema na yeye mwenyewe, kichwani. Mwenyekiti wa chama, mbele ya watu wote wa mpakani, na kiti chenye tundu kichwani! Nilimwambia nitampa alama kumi juu ya kumi, akafurahi kweli, mtu wa miaka arobaini na mbili.

Jumapili, 24 Agosti 2014

Kona ya migomba. Shamsia ameshakata tiketi. Nikamweleza mpango, nikijua atapiga kelele. Hakupiga. Akauliza kuhusu dawa za saa nne, kuhusu kivuli, kuhusu nani atakuwa pembeni yangu muda wote. Niliyajibu yote, hata la ndoo.

Mwisho akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini: "Mama, mimi sitaki kukufunga. Mimi naogopa simu. Kila jina la Adija likitokea naondoka dukani nikapokelee nje, maana najua siku moja itakuwa ndiyo yenyewe."

Nilidhani ananionea aibu. Au anataka kujionyesha kwa majirani kwamba anamtunza mama. Mwaka mzima nimebishana na mtu ambaye hayuko. Huyu aliyeko anaogopa tu, na yuko mbali siku tatu kwa basi.

Nilitaka kumwambia basi, nakuja.  

Jumatano, 27 Agosti 2014

Kila kitu kiko mlangoni. Adija kaosha mkeka wa machela mara mbili.



Alhamisi, 28 Agosti 2014

Saa moja asubuhi. Wamefika wanane, Bazilio akiwamo. Mwakeye, mwakeye, tunaamkiana. Baridi, ukungu bado bondeni. Khanga ya njano imefungwa mbele. Daftari naliweka kwenye mkoba, nitaandika gulioni, nikiwa nakula. Haya.

Njia panda. Sijui saa ngapi, labda saa tatu.

Naandika nikiwa chini ya mti, kwenye machela iliyotuliwa. Niandike ili nisiseme. Nikisema sasa nitasikika mlevi.

Ilianza vizuri mno. Kushuka bondeni wanakimbia kidogo kidogo, kwa hatua moja, unayumbishwa kama mtoto, na wanaimba kitu cha kulimia. Niliinua mkeka kwa fimbo nikaona migomba inapita. Nikaona mtu anapalilia akaacha kupalilia. Niliona furaha, nataka hilo liandikwe kwanza kabla ya mengine.

Kijitoni tukakutana na watu watano wa ng'ambo ya pili wanatoka kuchoma matofali. Sikuwaona, mkeka ulikuwa umeshushwa kwa ajili ya maji kuruka, lakini nilisikia vitu vinatuliwa chini: majembe, debe. Nikajua. Nikamsikia Bazilio anaanza, "Mzee, sisi leo tu—" na hapo machela ikatikisika, mabega yakabadilishana. Huwezi kumnyima mtu zamu. Ni kumtukana. Watu wetu wakabaki majini wananawa miguu, Adija anaokota kikapu, Bazilio na kiti chake kichwani, na mimi nikaondoka na watu nisiowajua.

Na hawa walikimbia! Kilima chote, bila wimbo. Nikawasikia wakisemezana kwa Kiha juu ya ile khanga ya njano. Kwao kitambaa cha rangi mbele ya machela kina maana moja tu: mama wa kujifungua, fanya haraka.

Tulipofika juu nikangoja wapinde kushoto. Nimefundisha jiografia. Asubuhi, ukienda gulioni, jua linabaki nyuma yako. Mkeka ukawaka mbele ya uso wangu. Tulikuwa tunakwenda kulia, barabara ya Kabanga, mbio.

Nikapiga kelele. Ndiyo kosa langu, kwani nilikuwa na hasira, na kilichotoka hakikuwa neno. Sauti ya mzee mmoja ikanijibu kutoka mbele, kwa upole kabisa: "Vumilia mama, usisukume bado, tunafika."

Usisukume! Miaka sitini na moja!

Nikaupiga mti wa machela kwa fimbo mpaka wakasimama. Wakatua. Mkeka ukainuliwa, na uso wa mzee mwenye kofia ya sufu ukanitazama, ukatafuta tumbo, ukakuta mvi. Akavua kofia. Anaitwa Tharsisi, ndiye mkubwa wao. Akaomba radhi. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa Kabanga, nikamwambia neno moja moja: mimi siendi hospitali, nakwenda gulioni, mmekosea njia, tafadhali nirudisheni pale panapogawanyika.

Hakukasirika wala hakucheka. Alisikiliza vizuri, akageuka, akawaambia wenzake ugonjwa umempanda kichwani, twende.

Niliwazuia kwa fimbo mpaka Adija na wetu walipofika wakihema. Wetu wakanibeba kurudi hatua mia mpaka hapa kwenye mti, na hapa ndipo tulipo. Nikamwambia Bazilio aeleze. Alikuwa amesimama na kiti cha tundu kichwani mbele ya wazee wa kitongoji kingine. Akatazama pembeni, akatazama chini, akasema Mwalimu huwa anatamani kutoka. Tu. Mwenyekiti wangu! Aliona haya kusema kwamba machela yake ilikuwa inakwenda gulioni. Sijamchukia. Nimemfundisha kuwaheshimu wazee, sasa anawaheshimu.

Mimi nikasema tena. Tharsisi akachuchumaa kando yangu, na alichosema nakiandika kama kilivyo:

"Mama, usione tunakudharau. Mgonjwa anasema mengi. Baba yangu naye kwenye machela alisema arudishwe akanywe pombe, tungemsikiliza angefia njiani. Sisi hatumsikilizi mgonjwa. Tunamsikiliza mwenye mgonjwa. Mwenye mgonjwa ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Mwenye mgonjwa huyu ni mimi mwenyewe. Wakatazamana. Laiti wangecheka.

Adija ndiye aliyesema Mwalimu ana binti, yuko Mtwara. Nilimtazama Adija. Hakunitazama. Naye anaogopa. Nikifia gulioni ataulizwa yeye.

Hapa mtandao unashika vizuri. Alama zote nne. Nilipanga kumpigia Shamsia nikiwa mbele ya meza ya Gharibu, asikie makelele ya watu nyuma yangu. Badala yake Adija kabonyeza na kampa simu Tharsisi, kwa sababu ndiye mkubwa, na mimi nimenyoosha mkono na hakuna aliyeuona.

Anaongea sasa. Sauti ya juu, ya kuongea na mtu wa mbali.

Anasema, wewe ndiye binti? Tuko na mama yako hapa njiani, kwenye machela.

Ee Mungu. Jina la Adija kwenye kioo, na sauti ya mwanamume.

Anasema hapana, hapana binti yangu, yu hai. Yuko macho. Amekaa kabisa.

Anasema anataka kupelekwa gulioni. Sisi tunaona Kabanga ndiyo karibu, nguvu tunazo, nusu siku tumefika. Wewe ndiye mwenye mgonjwa. Useme, sisi tutafuata.

 Wale wachoma matofali wameacha kunong'ona, na wetu nao. Simu iko sikioni mwake na siwezi kusikia hata herufi moja ya mwanangu.

Anauliza — Tharsisi ananigeukia, anasema binti anauliza unafanya nini saa hizi. Anajijibu mwenyewe kwenye simu: anaandika. Ndiyo. Kwenye daftari. Kwa mkono, ndiyo, haraka haraka.

Anasikiliza tena. Anakunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Anauliza nimevaa nini.

Sasa ananitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza, kabla ya hapo alikuwa anautazama ugonjwa. Anaanza miguuni. Anasema viatu vya ngozi, vimepakwa dawa ya viatu. Kitenge cha kijani na blauzi yake. Kilemba. Hereni za dhahabu, au rangi ya dhahabu. Anainama karibu. Wanja, amepaka wanja, macho yote mawili, jicho la kushoto limekwenda kidogo upande.

Anashusha sauti, siyo ya watu wa mbali tena.

"Binti yangu," anasema, "huyu mama amejipamba."

Anasikiliza. Muda mrefu. Wabebaji wanne wameshainama, mikono kwenye miti, wanangoja kuambiwa kulia au kushoto. Tharsisi anaitikia kwenye simu, ndiyo, ndiyo, na mkono wake unanyooka kushoto.